Vita vya Shela: Maji yalipokupwa, hatima ya Mombasa ikabadilika

MKAZI wa Majengo, Kisiwani Mombasa, akitaka kujua kwa nini Pwani ya Kenya ilitawaliwa kwa miaka mingi kwa jina la Sultani wa Zanzibar, na kwa nini suala la ardhi katika mtaa wake lina mizizi tofauti na la bara, hana budi kurudi nyuma karne mbili na kuvuka bahari hadi kijiji kidogo cha mchangani katika kisiwa cha Lamu. Kijiji hicho ni Shela. Hapo ndipo majeshi ya Mombasa na Pate yaliposhindwa na watu wa Lamu katika vita ambavyo wanahistoria huviweka kati ya mwaka 1810 na 1814, miaka inayotajwa zaidi ikiwa ni 1812 na 1813.

Havikuwa vita vya Waswahili dhidi ya mgeni, bali vita vya wenyewe kwa wenyewe. Waliopigana walikuwa watu wa lugha moja na dini moja, waliooana na kufanya biashara pamoja kwa vizazi. Vilimalizika haraka, lakini matokeo yake yalidumu zaidi ya karne nzima.

Makala haya yanaeleza chanzo cha vita hivyo, jinsi vilivyopiganwa na yale yaliyofuata.

Miji iliyotawaliwa kama nchi

Katika karne ya 18, Pwani ya Waswahili haikuwa na dola moja. Kila mji mkubwa ulikuwa na utawala wake, mipaka yake na marafiki zake. Pate, Lamu, Siyu, Faza, Malindi, Mombasa, Vumba na miji mingine ilishindana kwa biashara, mashamba na heshima.

Mombasa ilikuwa mikononi mwa ukoo wa Mazrui. Wamazrui walikuwa Waarabu wenye asili ya Oman, ambao walipewa cheo cha liwali na watawala wa nchi hiyo wa nasaba ya Yaarubi, baada ya Wareno kutolewa katika ngome ya Fort Jesus. Utawala wa Oman ulipobadilika katika miaka ya 1740 na kuingia katika nasaba ya Albusaidi, Liwali Muhammad bin Uthman wa Mombasa alikataa kumtambua mtawala mpya. Hoja yake ilikuwa nyepesi: kama mtu mmoja ameweza kujitwalia Oman, basi na yeye anaweza kujitwalia Mombasa. Aliuawa mwaka 1746, lakini ndugu yake, Ali bin Uthman, aliponyoka, akairudisha ngome na kuuendeleza utawala wa ukoo wake.

Hata hivyo Wamazrui hawakutawala peke yao. Nguvu yao ilitokana na maelewano na wenyeji wa Mombasa waliojulikana kama Thenashara Taifa, yaani mataifa kumi na mawili, yaliyogawanyika katika makundi mawili: Tisa Taifa, waliokaa upande wa Mvita, na Tatu Taifa, ambao ni Wakilindini, Wachangamwe na Watangana. Wamijikenda wa nyanda za jirani nao walikuwa washirika muhimu katika biashara na katika vita. Kisiwa cha Pemba kilichokuwa chini ya Mombasa kiliipatia chakula, hasa mchele. Aliyeshika Pemba alishika tumbo la Mombasa.

Jambo moja linafaa kukumbukwa. Miongoni mwa Tisa Taifa wamo Wapate, Wapaza, Washaka, Wabajuni na Wakatwa. Majina hayo yanatoka kaskazini, katika visiwa na pwani za upande wa Lamu. Kwa hiyo Mombasa ilipopeleka jeshi kaskazini, wapo waliokuwa wakielekea katika nchi ya babu zao.

Kiti cha Pate

Pate, kisiwa kilicho kaskazini mashariki ya Lamu, ilitawaliwa na nasaba ya Nabahani. Katika enzi zake za fahari mji huo ulisifika kwa nyumba za mawe, ushairi na utajiri wa biashara. Lakini kuanzia nusu ya pili ya karne ya 18 ulianza kuliwa na ugomvi wa kurithi kiti. Mwana Khadija, mwanamke aliyetawala katika kipindi hicho, alilazimika kupambana na wapinzani wa ndani ya mji wake mwenyewe.

Baada yake alikuja Fumo Madi, ambaye alitawala kwa muda mrefu na kurudisha utulivu kwa mkono mzito. Alipofariki katika mwongo wa kwanza wa karne ya 19, mizozo ya zamani ilifufuka. Wagombea wawili walisimama, Ahmad bin Sheikh na Fumoluti Kipunga, na kila mmoja alikuwa na wafuasi wake.

Mombasa iliona nafasi. Liwali wake wakati huo alikuwa Ahmad bin Muhammad Mazrui, aliyeshika madaraka tangu karibu mwaka 1780. Wamazrui waliunga mkono upande wa Ahmad bin Sheikh, na kwa msaada wao akakalia kiti. Kuanzia hapo Pate ikawa, kwa hakika, chini ya kivuli cha Mombasa. Mji uliokuwa mshindani ukageuka kuwa mfuasi.

Lamu yakataa

Lamu kwa desturi ilihesabiwa kuwa chini ya Pate, ingawa watu wake hawakuipenda hali hiyo. Mji huo haukuwa na sultani. Ulitawaliwa na baraza la wazee wa koo kubwa, ambao makao yao yaliitwa Yumbe. Wazee hao nao waligawanyika katika makundi mawili, Zena na Suudi, yaliyoshindana katika kila jambo, kuanzia uongozi wa mji hadi sherehe.

Kwa kuwa Pate ilidai haki juu ya Lamu, na Mombasa sasa ilikuwa imeishika Pate, Lamu ilijiona imezungukwa. Bandari yake nzuri, iliyofichika nyuma ya kisiwa cha Manda, ilikuwa ikivutia vyombo vingi zaidi kila mwaka, wakati bandari ya Pate ilikuwa ikijaa mchanga na kupungukiwa na kina. Kila upande ulijua kuwa utajiri wa kaskazini ulikuwa ukihama.

Masimulizi ya Lamu yanalitaja suala la ngome. Ujenzi wa ngome katika mji huo uligeuka kuwa sehemu ya mzozo, kwani wenyeji walielewa maana ya kuwa na ngome inayoshikwa na askari wa mji mwingine. Waliokuwa wakibishana, Zena na Suudi, waliweka ugomvi wao kando. Kiongozi anayetajwa sana katika kuwaunganisha ni Bwana Zahidi Mngumi, mzee wa mji ambaye pia alikuwa mshairi. Historia ya Lamu kwa mujibu wa wenyewe ilihifadhiwa katika Khabari za Lamu, iliyoandikwa na Shaibu Faraji bin Hamed al-Bakariy na kuchapishwa mwaka 1938.

Katika zama hizo ushairi ulikuwa silaha. Mashairi ya kejeli, vitisho na mafumbo yalipelekwa kwa jahazi kutoka mji hadi mji, yakasomwa hadharani, kisha yakajibiwa. Upande wa Mombasa sauti kubwa ilikuwa ya Muyaka bin Haji, aliyezaliwa karibu mwaka 1776 na kufariki karibu mwaka 1840. Tungo zake zilikusanywa mwishoni mwa karne ya 19 na Mwingereza William Taylor kwa msaada mkubwa wa Mwalimu Sikujua wa Mombasa, na zikachapishwa katika diwani mwaka 1940. Anayezisoma hukutana na siasa za kipindi hiki kama zilivyosikika barazani.

Mchangani Shela

Shela iko upande wa kusini mashariki wa kisiwa cha Lamu, umbali wa takriban kilomita tatu kutoka mjini, mahali ambapo mlango wa bahari kati ya Lamu na Manda unafunguka kuelekea bahari kuu. Kuanzia hapo ufuo mrefu wa mchanga unaelekea kusini magharibi, na nyuma yake yako matuta makubwa ya mchanga.

Kwa jeshi linalotoka baharini, Shela ilikuwa na faida moja iliyo wazi. Liliweza kushuka pwani bila kulazimika kupita mbele ya mji, kisha likaenda kwa miguu. Lakini mahali hapo palikuwa pia na hatari ambayo kila nahodha wa Pwani huijua, nayo ni maji.

Katika pwani yetu bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Wakati wa bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti kati ya maji makuu na maji yaliyokupwa hupita mita tatu. Chombo kilichotia nanga karibu na ufuo maji yakiwa yamejaa, baada ya saa sita huweza kuwa kimelala ubavu juu ya mchanga mkavu. Wavuvi na mabaharia hutumia hali hiyo kupaka vyombo vyao shahamu na kuvikarabati. Ila katika vita, chombo kilichokwama ni sawa na mlango uliofungwa kwa nje.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, kwa mujibu wa masimulizi. Majeshi ya Mombasa na Pate yalishuka Shela. Watu wa Lamu, badala ya kuwasubiri nyuma ya kuta za mji, walitoka kuwakabili. Mapigano yakawa makali, na wavamizi wakarudishwa nyuma kuelekea pwani. Walipofika kwenye vyombo vyao wakakuta maji yamekupwa na majahazi yamekwama. Hapakuwa na pa kukimbilia. Waliouawa walikuwa wengi, na miongoni mwao walikuwamo watu wakubwa wa Pate na Mombasa.

Masimulizi ya wenyeji yanaongeza mambo mengine. Yapo yanayosema kuwa mji ulikingwa kwa elimu ya waganga, waliozika chungu na upatu vyenye siri. Msomaji ana hiari ya kuyapokea au kuyaacha. Lililo dhahiri ni kwamba mlinzi wa pwani yake aliijua bahari yake, na aliyekuja kuivamia hakuipigia hesabu.

Kwa miaka mingi wakazi wa Shela wamesimulia juu ya mifupa iliyofunuliwa na upepo katika matuta ya mchanga. Kijiji chenyewe kilikuja kustawi baada ya vita. Miongoni mwa waliokijenga ni watu wenye asili ya Takwa, mji ulioko kisiwani Manda, ambao ulikuwa umehamwa na sasa ni magofu yanayolindwa na Makavazi ya Taifa ya Kenya. Msikiti wa Ijumaa wa Shela, wenye mnara wake wa aina ya pekee, ulijengwa katika karne hiyo hiyo ya 19.

Ushindi ulioleta hofu

Mtu angedhani kuwa Lamu, baada ya kushinda, ingekaa kwa raha. Haikuwa hivyo. Wazee wa mji walijua kuwa Mombasa ilikuwa kubwa zaidi, ilikuwa na ngome isiyovunjika kwa urahisi, na ilikuwa na kisasi cha kulipiza. Nani angehakikisha kuwa safari ya pili nahodha wa Mombasa angesahau tena kuangalia maji?

Ndipo Lamu ikatuma ujumbe Maskati, kwa Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman kutoka mwaka 1806 hadi 1856. Wakati huo Said alikuwa bado kijana, na alikuwa na vita vyake katika Ghuba. Lakini alikuwa na hamu ya kuirudisha Afrika Mashariki mikononi mwa nasaba yake, na sasa mji tajiri ulikuwa ukimkaribisha wenyewe. Alipeleka liwali na askari. Ngome ya Lamu, ile iliyokuwa chanzo cha maneno, ikakamilishwa karibu mwaka 1821 chini ya ulinzi wake.

Hapa ndipo umuhimu wa Vita vya Shela ulipo. Kama Mombasa ingeshinda, pengine kungekuwa na dola moja ya Waswahili chini ya Wamazrui, kutoka Pate hadi Pemba. Na kama vita visingepiganwa kabisa, Lamu isingekuwa na sababu ya kumwita mtu wa mbali. Mombasa ilishindwa, nayo Lamu ikajikinga kwa kumkaribisha mfalme. Mfalme akikaribishwa haji kwa siku mbili.

Mombasa yafungwa polepole

Liwali Ahmad bin Muhammad alifariki mwaka 1814. Mwanawe, Abdallah bin Ahmad, alikataa kumtambua Sayyid Said. Kuanzia hapo Mombasa ilianza kupoteza viungo vyake kimoja baada ya kingine.

Mwaka 1822 majeshi ya Said chini ya Hamad bin Ahmad yaliteka Barawa na kuisimamisha mamlaka yake Pate. Mwaka uliofuata Mombasa ilinyang'anywa Pemba. Hilo lilikuwa pigo kubwa kuliko yote, kwa kuwa chakula cha mji kilitoka huko.

Katika shida hiyo, Wamazrui walifanya lile lile ambalo Lamu ilikuwa imelifanya. Walimwita mgeni. Mnamo Februari 1824 Nahodha William Owen wa jeshi la wanamaji la Uingereza alifika Mombasa kwa manowari iitwayo Leven, akawakuta wenyeji wakiomba bendera yake. Aliikubali bila kusubiri idhini ya London, akamwacha afisa kijana, John Reitz, kuwa msimamizi. Reitz alifariki mwaka huo huo kwa homa, na jina lake limebaki katika eneo la Port Reitz. Jina la manowari nalo limebaki katika jumba la Leven House, Mji wa Kale. Serikali ya Uingereza, ambayo ilikuwa na urafiki na Sayyid Said, haikuupenda mpango wa Owen. Mwaka 1826 bendera iliteremshwa, na Mombasa ikabaki peke yake.

Said alikuja mwenyewe na manowari zake mwaka 1828, akarudi tena mara mbili, mwaka 1829 na 1833. Mombasa, ikiongozwa na Salim bin Ahmad, ilistahimili. Askari wa Said waliowekwa ngomeni walizingirwa hadi wakatoka kwa njaa. Nguvu ya mizinga pekee haikutosha kuuangusha mji uliokuwa na umoja.

Ulioangusha mji ni utengano. Salim alifariki mwaka 1835, na ukoo ukagombana juu ya mrithi. Sehemu ya wazee wa Tatu Taifa, waliokwisha kuchoshwa na Wamazrui, walipeleka neno kwa Said. Mwaka 1837 aliingia Mombasa bila vita kubwa. Baadaye wakubwa wa Kimazrui zaidi ya ishirini walikamatwa kwa hila na kupelekwa uhamishoni Bandar Abbas, upande wa Uajemi, ambako walipotelea. Waliobaki walihamia Takaungu, kaskazini ya Mombasa, na Gazi, kusini yake.

Mji wa kaskazini ulioendelea kumsumbua Said ni Siyu, chini ya Bwana Mataka, uliowashinda askari wake katika miaka ya 1840. Nao ulitiishwa mwaka 1863, wakati wa Sayyid Majid.

Kisiwa kingine, maji yale yale

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vinavyoamuliwa na ufuo wa kisiwa si jambo la Pwani yetu peke yake. Mfano ulio karibu kabisa na Shela kwa sura yake ulitokea mbali sana, nchini China, mwaka 1949.

Mao Zedong alikuwa ametangaza Jamhuri ya Watu wa China tarehe 1 Oktoba mwaka huo. Wapinzani wake wa chama cha Kuomintang, wakiongozwa na Chiang Kai-shek, walikuwa wakikimbilia kisiwa cha Taiwan, lakini bado walishika visiwa vidogo vilivyo karibu kabisa na bara. Kimoja kati ya hivyo ni Kinmen, mkabala na mji wa Xiamen.

Usiku wa kuamkia tarehe 25 Oktoba, maelfu ya askari wa Mao walivuka kwa mashua za wavuvi na kushuka katika ufuo wa Guningtou. Walifika maji yakiwa yamejaa. Yalipokupwa, mashua zikakwama mchangani, zikachomwa moto na watetezi wa kisiwa. Mpango ulikuwa mashua hizo zirudi kuchukua kikosi cha pili. Hazikurudi. Wale waliokwisha kushuka, ambao pamoja na nyongeza ndogo ya siku iliyofuata walikadiriwa kuwa 9,000, waliuawa au kutekwa katika muda wa siku tatu.

Kinmen ilibaki mikononi mwa serikali ya Taiwan na bado iko hivyo hadi leo. Mpaka uliochorwa na maji ya siku hizo tatu umeingia katika siasa za dunia nzima.

Tofauti zipo, na ni kubwa. Hata hivyo somo la kijeshi ni moja. Anayevamia kisiwa lazima ashinde mara mbili: kwanza adui, kisha bahari. Somo la kisiasa nalo linafanana. Pigano dogo likimwezesha aliye dhaifu kusimama hadi apate mlinzi mkubwa, hugeuka kuwa mpaka wa kudumu.

Kutoka Shela hadi Majengo

Vita hivi vilipopiganwa, Majengo haikuwako. Mji wa Mombasa ulikuwa ule unaoitwa sasa Mji wa Kale, na sehemu kubwa ya kisiwa ilikuwa mashamba na vichaka. Mtaa wa Majengo ulikua katika karne ya 20, reli na bandari zilipowavuta wafanyakazi kutoka pande zote. Nyumba zake za Kiswahili, zenye ukumbi wa katikati na vyumba vya kupangisha, ziliwapokea watu wa bara na wa Pwani pamoja.

Lakini uzi kutoka Shela unafika hapo. Sayyid Said aliingia Afrika Mashariki kwa mlango uliofunguliwa na Lamu, akaishika Mombasa, na warithi wake wakatawala Pwani kutoka Zanzibar. Waingereza walipokuja kutawala mwaka 1895, waliuchukua ukanda wa maili kumi kwa mkataba na Sultani, si kwa njia waliyoitumia bara. Mbaruk bin Rashid Mazrui wa Gazi aliongoza uasi mwaka huo huo, akashindwa na kukimbilia upande wa Wajerumani.

Ndani ya ukanda huo, sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 ilitambua umiliki binafsi wa watu walioweza kuthibitisha madai yao. Ardhi ambayo haikudaiwa ikawa ya serikali. Wengi walioishi juu ya ardhi bila karatasi walijikuta hawana haki nayo. Huo ni mmoja wa mizizi ya mtindo unaojulikana sana Mombasa, Majengo ikiwamo, wa nyumba bila ardhi: mtu humiliki kuta na paa, akamlipa mwingine kodi ya kiwanja. Tarehe 8 Oktoba 1963, katika mkesha wa uhuru, Sultani wa Zanzibar alikubali kuiachia Kenya ukanda huo, lakini hati za zamani ziliheshimiwa.

Itakuwa kosa kusema kuwa Vita vya Shela vilisababisha yote hayo. Kati ya ufuo wa Shela na kodi ya kiwanja yako maamuzi mengi ya watu wengi. Ila ndivyo vilivyoanzisha safari. Pate ilimwita Mazrui kuamua ugomvi wa kiti. Lamu ilimwita Said ili kujikinga na Mazrui. Mazrui alimwita Mwingereza ili kujikinga na Said. Wakilindini walimwita Said ili kumwondoa Mazrui. Kila mmoja alikuwa na sababu nzuri kwa siku yake, na kila mara aliyeitwa alipata zaidi ya aliyemwita.

Kinachoonekana hadi sasa

Anayetaka kuiona historia hii kwa macho hana haja ya kwenda mbali. Mombasa kuna Fort Jesus, ambayo Wamazrui waliishi ndani yake kwa karibu miaka mia, na ambayo iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2011. Karibu nayo yako makaburi ya ukoo wa Mazrui. Lamu, ambayo mji wake wa kale uliingia katika orodha hiyo mwaka 2001, ngome iliyokamilishwa baada ya vita imesimama katikati ya mji. Ilitumiwa kuwa jela kuanzia zama za ukoloni hadi miaka ya 1980, kisha ikageuzwa kuwa makavazi.

Shela yenyewe leo ni kijiji cha watalii. Wageni huota jua katika ufuo ule ule. Maji bado hujaa na kupwa mara mbili kwa siku.

Miaka muhimu

1746: Liwali Muhammad bin Uthman Mazrui auawa, Ali bin Uthman airudisha ngome.
Karibu 1780: Ahmad bin Muhammad awa liwali wa Mombasa.
1806: Sayyid Said ashika utawala Oman.
1810 hadi 1814: Kipindi ambamo Vita vya Shela huwekwa.
1814: Ahmad bin Muhammad afariki, Abdallah bin Ahmad amrithi.
Karibu 1821: Ngome ya Lamu yakamilika.
1823: Mombasa yapoteza Pemba.
1824 hadi 1826: Bendera ya Uingereza yapepea Mombasa.
1828, 1829 na 1833: Mashambulizi ya Sayyid Said dhidi ya Mombasa.
1837: Utawala wa Wamazrui Mombasa wakoma.
1863: Siyu yatiishwa.
1895: Uingereza yatwaa utawala wa Pwani, uasi wa Mbaruk bin Rashid.
1963: Ukanda wa maili kumi waingizwa Kenya.